Ufa wa Muundi

Picha ya eksirei aliibandika dirishani,
akanionyesha kwa ncha ya kalamu: hapa.
Sikuona kitu. Akaisogeza kalamu.
Unywele. Unywele mmoja umelala juu ya muundi wangu
kama uliodondoka kwa msusi.
"Huo ndio ufa," akasema.
"Wiki kumi na mbili, Kalunde. Usikimbie hata mvua."

Nilicheka peke yangu kwenye geti la Kitete,
maana mvua yenyewe, Tabora, mwezi wa nane,
nani amewahi kuikimbia?

Nyumbani mama akaanza ile methali ya ufa na ukuta.
Nikamkata kauli. Nikamwambia mfupa hauna mwashi.
Bado sijamwomba radhi.

Siku tisa nilikaa barazani, saa kumi na moja alfajiri,
nikisikiliza viatu vya wenzangu vikielekea Kwihara.
Vya Mihambo, vizito.
Vya Nyanzala, vinavyoburura kisigino cha kushoto.
Na kati yao pengo,
upana wa mtu mmoja,
wanalipita bila kulijaza.

Siku ya kumi mjomba Luhende akaniletea Foniksi.
Nyeusi, ya kiume, kengele imekufa,
keria inanata asali ya miaka ishirini.
"Mgongo wangu umegoma," akasema,
"na madumu hayajui habari hiyo."
Hakuuliza kama nataka.

Nililidharau lile dude.
Mimi niliyezunguka uwanja mara ishirini na tano bila kugeuka nyuma,
leo nakalia ngozi ya mbuzi iliyofungwa kwa mpira wa tairi,
mguu unakwenda, unarudi palepale ulipotoka,
kama mtu anayetafuta ufunguo chumbani.
Nikaanguka Cheyo mbele ya wauza mkaa.
Walinicheka kwa heshima:
waliniokotea kandambili kwanza.

Sikujua kama njia ya Itetemia ina mteremko.
Miaka sita nimeikimbia nikiiita tambarare.
Gurudumu ndilo lililoniambia,
likaanza kuteleza lenyewe, tik tik tik,
nami nimenyanyua miguu yote miwili,
mzima na mgonjwa, hewani,
sijafanya kazi yoyote na bado ninakwenda.
Niliona aibu. Kisha nikaona raha.
Kisha nikaona mchanga, nikashika breki, ambazo hazikuwapo.

Zamani salamu nilizijibu kwa kidole kimoja, huku napita.
Ukiwa na madumu mawili kwenye mchanga wa miombo
huna mbio za kumringia mtu.
*Mwangaluka*, anasema bibi anayepepeta karanga,
nami nashuka, nasukuma, najibu mpaka mwisho:
watoto, ng'ombe, kisima, na mguu je?
Wanaujua mguu wangu njia nzima.
Nyuki wawili hunisindikiza hadi darajani
wakidai chao.

Lakini mapafu.
Mapafu hayakuuliza nimepanda nini.
Kilima kikija yanafunguka mahali palepale,
nne kuvuta, nne kutoa,
chumvi ileile inashuka hadi mdomoni.
Nilidhani nitayakuta yamenuna.

Wiki ya kumi, kabla ya jua, nikawakuta njiani.
Nikapunguza, nikaenda sambamba nao,
mnyororo ukilia, madumu yakigongana.
Mihambo akapiga mluzi. Nyanzala hakugeuza shingo.
"Unapumua kwa sauti," akasema.
Kweli, nilikuwa napumua.
Nikamwambia: kisigino chako cha kushoto kinaburura,
nilikisikia siku tisa nikiwa nimekaa barazani,
nenda Kitete kabla hakijakupeleka chenyewe.
Akaongeza mwendo.
Mimi pia ningeongeza.

Zimebaki wiki mbili, dirisha lile, kalamu ile.
Mawingu yameanza kujikusanya upande wa Urambo.
Jana mjomba ameuliza, kama utani,
nikipona nitamrudishia lini baiskeli yake.
Nimesema nitamjibu.

Nimenunua kengele.